Tuzo ya Haki Isibague Kwenye Fomu

Ndugu wajumbe wa kamati, walimu na wazee wetu wa Jinja, mnataka kuwatunuku na kuwasomesha vijana wanaotetea haki bega kwa bega na watu wa asili nyingine. Nitaanza na fomu, maana huko ndiko tuzo za namna hii huharibikia kabla jaji hajasoma jina hata moja.

Kamati huuliza kabila, kisha hunakili orodha ya Jedwali la Tatu la Katiba ya 1995. Orodha ile ni ya jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Raia wa asili ya Kihindi hayumo. Wamaragoli hawamo. Kijana wa baba Mhindi na mama Mnyankole atalazimika kumkana mzazi mmoja ili ajaze fomu! Katika nchi iliyowapa Waasia siku 90 za kuondoka mwaka 1972, jambo hili si dogo. Futeni orodha, acheni mistari mitatu mwombaji ajieleze. Msidai kitambulisho cha taifa peke yake pia: pokeeni kadi ya mkimbizi kwa anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, au barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Alama ziwe 100. Kazi yenyewe 40, ushirikiano na jamii nyingine 30, uhitaji 20, mpango wa baadaye 10. Matokeo ya mtihani yawe sharti la kuingia tu. Yakipewa alama, shule za gharama zitachukua kila kitu. Insha ya Kiingereza hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ruhusuni Kiswahili, Luganda, Kiacholi, hata sauti iliyorekodiwa kwa simu. Kila mwombaji alete wadhamini wawili, mmoja wao awe wa jamii isiyo yake, na mpigieni simu. Hapo ndipo kazi ya kweli hujitenga na maneno matamu.

Majaji watano watoshe, wasizidi wawili wa jamii moja. Kila mmoja asahihishe peke yake kabla ya kikao, la sivyo wote watafuata alama za mkubwa wao. Aliye ndugu au mwalimu wa mwombaji atoke nje.

Sasa fedha. Tukichukulia ada ya shilingi 900,000 kwa muhula, S.5 na S.6, miaka miwili ya mwisho ya sekondari, ni mihula sita, yaani 5,400,000. Ongezeni asilimia 15 kwa ada kupanda na malipo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa: 6,210,000. Kiasi hicho chote kiwe benki kabla ya kumtangaza mshindi. Kutangaza wanne kwa fedha ya mwaka mmoja ni kuwatupa watoto njiani, na mimi naona huo ni ukatili. Ada ilipwe kwenye akaunti ya shule, risiti irudi kwenu kila muhula. Na msisahau godoro, karatasi na sabuni: mwanafunzi aliyelipiwa ada bado hurudishwa getini kwa kukosa hivyo.