Saini Siyo Ridhaa: Kazi ya Muuguzi Kabla ya Mgonjwa Kuingia Thieta

Habari za asubuhi wauguzi wenzangu, nanyi wanafunzi mnaokaribia kuanza zamu zenu za kwanza wodini.

Tuanze na herufi tatu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia ilitoa uamuzi katika kesi ya wanawake watatu wenye virusi vya Ukimwi, waliofungwa mirija ya uzazi katika hospitali za umma. Fomu za ridhaa zilikuwepo, na serikali ilizitegemea. Lakini saini zilichukuliwa akina mama hao wakiwa katika uchungu wa kuzaa, na upasuaji uliandikwa kwa kifupi, BTL. Sisi tunaisoma BTL kwa jicho moja tu. Mama aliye kwenye uchungu atajuaje kwamba maana yake ni kutozaa tena? Serikali ilishindwa.

Hapa Kenya tunaongozwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu cha 8 kinataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na kwamba ana haki ya kukataa. Tena aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa kiwango cha elimu yake. Kifungu cha 9 ndicho kinachokataza huduma bila ridhaa, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa.

Sasa, nani aeleze? Upasuaji unaelezwa na atakayeufanya, na dawa ya usingizi na atakayeitoa. Mara nyingi daktari ana haraka, anamwambia muuguzi, "Nisainishie huyu mgonjwa." Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Ukiweka jina lako kama shahidi, unathibitisha kwamba uliyemwona akisaini ndiye mgonjwa mwenyewe, akili zake timamu, bila kushurutishwa. Hushuhudii maelezo ambayo hukuyasikia. Ukigundua hajaelewa, usijaribu kuziba pengo kwa kukisia. Mwite daktari arudi kitandani.

Namna ya kugundua ni rahisi. Usimwulize, "Umeelewa?" Kila mgonjwa huitikia ndiyo, kwa heshima au kwa woga. Mwambie, "Mama, nieleze kwa maneno yako, leo utafanyiwa nini?" Akijibu, "Wataniangalia tumbo," na fomu inasema kizazi kinaondolewa, simamisha kila kitu. Kisha ukague fomu: majina yote, upasuaji ulioandikwa kwa ukamilifu pasipo vifupisho, upande wa kulia au wa kushoto, tarehe na saa. Asiyejua kusoma asomewe yote kabla ya kuweka kidole gumba. Mkalimani asiwe mtoto wa mgonjwa; kuna mambo ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe.

Saa ina uzito kuliko tunavyodhani. Mgonjwa aliyekwisha kupewa midazolamu au pethidini, kisha akaletewa fomu, saini yake ni rahisi kupingwa, kwa kuwa dawa hizo hulegeza fahamu na kumbukumbu. Fomu kwanza, sindano baadaye. Mwanasheria akilinganisha saa ya fomu na saa ya dawa kwenye kadeksi, yaani kumbukumbu za uuguzi wa mgonjwa, ataliona kosa hilo mara moja.

Kuna desturi moja ninayoomba tuiache kabisa: kumsubiri mume asaini kwa niaba ya mke wake. Mwanamke aliyetimiza miaka 18, mwenye akili timamu, anajitolea ridhaa mwenyewe. Ndugu huingia pale tu mgonjwa anaposhindwa kuitoa na hakuna aliyepewa mamlaka hayo kwa maandishi au kisheria. Kumchelewesha mama kwenda kupasuliwa kwa sababu mume hapatikani kwa simu ni kumhatarisha yeye na mtoto bila sababu ya kisheria.

Dharura nayo ina masharti yake. Aliyeletwa hajitambui baada ya ajali hutibiwa bila kusubiri saini, ikiwa kuchelewa kutamletea kifo au madhara yasiyotibika, na hajakataa matibabu hayo waziwazi au kwa ishara. Sharti hilo la pili husahaulika. Ukikuta mfukoni mwa Shahidi wa Yehova kadi aliyoisaini ya kukataa damu, hiyo ni sauti yake. Mwonyeshe daktari papo hapo, na uiandike. Kwa mtoto hali ni tofauti: kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi yake, kwa hiyo mzazi akikataa damu, wajulishe daktari na msimamizi bila kukawia ili hospitali itafute amri ya mahakama.

Kukataa nako kunataka kuandikwa vizuri. "Mgonjwa mkaidi, amekataa damu" ni hukumu juu ya tabia yake, na haimsaidii mtu. Linganisha na hii: "Saa 0940. Mgonjwa amekataa kuongezewa damu. Daktari amemweleza kwa Kiswahili kwamba himoglobini ni 5.2 na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Amerudia maelezo kwa maneno yake. Msimamizi wa wodi amejulishwa saa 0955." Kisha endelea kumhudumia: vipimo, maji, dawa alizokubali. Amekataa tiba moja, hajakataa uuguzi wako.

Na mgonjwa akigeuza nia mlangoni mwa thieta, fomu ikiwa imesainiwa tangu jana? Ridhaa imeondoka. Usimsukume ndani kwa maneno ya "umeshasaini." Simamisha machela, mjulishe daktari wa upasuaji na wa usingizi, mwulize kinachomtia hofu, na uandike alichosema, neno kwa neno, pamoja na saa.