Muuguzi Ndani ya Kombati: Kuingia KDF Baada ya Chuo

SISTA: Karibuni tena kipindini. Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka Bungoma. Kijana amemaliza KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ana diploma ya uuguzi, leseni ya Baraza la Uuguzi anayo, na kazi hana. Kaunti yake haijaajiri tangu atoke chuo. Zahanati ya kibinafsi imemwita, lakini mshahara wenyewe ukilipa nyumba na nauli umekwisha. Sasa mjomba wake amemwambia ajaribu KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya. Anauliza kama jeshi ni mahali pa muuguzi. Afande, mimi ni muuguzi wa kaunti, wewe umeuguza jeshini hadi ukastaafu; hili ni lako.

AFANDE: Salamu kwenu nyote. Kijana, jeshi linahitaji wauguzi, hilo lisikusumbue. Kinachonisumbua mimi ni mlango utakaoingilia, kwa sababu vijana wengi hawajui kwamba iko miwili.

SISTA: Eleza pole pole, maana hata mimi nilidhani ni mmoja.

AFANDE: Mwenye digrii ya uuguzi anaweza kuomba kuwa afisa mtaalamu. Anaomba mtandaoni, anaitwa kwa usaili, akifaulu anapelekwa Lanet, pale Nakuru, Chuo cha Kijeshi cha Kenya. Anatoka na nyota begani. Mwenye diploma, kama huyu wetu, huingia kama fundi. Jeshini hata muuguzi anaitwa fundi, usicheke. Huyo huenda uwanjani siku ya usajili, anakimbia na vijana wa kidato cha nne, anapimwa, na akichukuliwa anaelekea Eldoret, Moi Barracks, kuwa kuruta.

SISTA: Kwa hiyo wauguzi wawili, wodi moja, dawa zile zile, na mmoja anampigia mwenzake saluti.

AFANDE: Kila asubuhi. Na utamkuta wa diploma ana uzoefu wa miaka, mkono wake unapata mshipa wa damu gizani, halafu anamwita "bwana" au "madam" afisa aliyeingia juzi. Mimi nilipitia mlango wa Eldoret nikastaafu sajini mwandamizi, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Ukiwa na moyo wa kuona wivu, utaumia.

SISTA: Basi si asome digrii kwanza, aingie kama afisa?

AFANDE: Angalia saa. Matangazo ya miaka ya karibuni yameweka maafisa wataalamu kati ya miaka kumi na minane na thelathini. Mtu ana ishirini na tano, anaanza kuboresha diploma iwe digrii huku akitafuta karo, mwaka mmoja anaahirisha, akigeuka ana thelathini na moja na mlango umefungwa. Kwa hiyo afanye hesabu ya umri wake kabla ya hesabu ya nyota. Na asome tangazo la mwaka wake mwenyewe, lile la Wizara ya Ulinzi. Asitegemee picha iliyosambazwa kwa WhatsApp.

SISTA: Hapo kwa WhatsApp tusimame kidogo. Kuna familia zimeuza ng'ombe kuwalipa matapeli.

AFANDE: Ng'ombe, shamba, pikipiki. Kila mwaka kuna vijana wanafika langoni Eldoret na barua za kuitwa zenye muhuri mzuri kuliko wa serikali. Zote bandia. Kijana ameagwa nyumbani kwa maombi na mbuzi amechinjwa, halafu anaishia kuandika taarifa kwa polisi. Usajili wa jeshi ni bure. Akikwambia mtu anamjua jenerali, mwache aendelee kumjua.

SISTA: Na akina dada wanaotusikiliza? Mimi najua sharti la ujauzito lipo.

AFANDE: Lipo wazi kwenye tangazo: usiwe mjamzito wakati wa usajili wala wakati wa mafunzo. Kuna urefu pia, mita 1.60, na uzito, kilo 50 kwa wanawake na zaidi kidogo kwa wanaume. Rekodi ya uhalifu hapana. Na ukimbie. Wauguzi wengi ninaowajua walikwama kwenye mbio kabla ya kuulizwa swali moja la uuguzi.

SISTA: Haya, ameingia. Kazi yenyewe ikoje? Watu wanawaza risasi na helikopta.

AFANDE: Siku nyingi ni malaria, vifundo vya miguu vilivyoteguka, na kliniki ya kina mama. Kambi ina familia. Nanyuki, Gilgil, Mtongwe, kote huko kuna wake na waume wa askari, kuna watoto wa kuchanjwa, kuna mama anajifungua usiku. Ukitoka hapo uko Nairobi kwenye hospitali kuu ya jeshi, wodi kama wodi nyingine, ila mgonjwa anajaribu kusimama wima daktari akipita.

SISTA: (anacheka) Hao wangenifaa. Wangu wananiuliza chai iko wapi.

AFANDE: Lakini kuna paredi ya wagonjwa ya asubuhi, askari wanaoumwa wanapokuja kuonwa, na hiyo ndiyo shule. Askari mmoja anajitia mgonjwa apate kukwepa mazoezi. Wa pili ana goti limevimba analificha, kwa kuwa kikosi kinaenda Somalia na hataki jina lake litolewe kwenye orodha. Huyo wa pili ndiye hatari. Na nyuma yako wewe na mgonjwa wako kuna kamanda anayehesabu watu.

SISTA: Hapo ndipo mimi na jeshi tunakosana. Nikiwa hospitali ya kaunti nikisema mgonjwa apumzike, anapumzika. Kwako je? Kamanda akisema "huyu aende"?

AFANDE: Uamuzi wa kitabibu ni wa upande wa tiba. Unaandika kwenye kadi, unatia sahihi, na unamfikishia mkubwa wako wa tiba. Sikatai kwamba shinikizo lipo. Kijana asiyeweza kumwambia mtu mwenye cheo "hapana, mkuu" kwa adabu, na akarudia, asije.

SISTA: Watu husema ninyi ni askari kwanza, wauguzi baadaye.

AFANDE: Husema, na kwenye kwata ni kweli. Vitani si hivyo. Soma Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949. Majeruhi hutangulizwa kwa udharura wa jeraha lake, hata akiwa wa upande wa pili. Muuguzi anaruhusiwa silaha ndogo ya kujilinda yeye na wagonjwa wake. Akikamatwa, mkataba haumhesabu kuwa mfungwa wa vita. Anaweza kuzuiwa ili awatibu wafungwa. Sasa niambie, huyo ni askari kwanza?

SISTA: Na hao wa kule Somalia wanaojua Mkataba wa Geneva ni wangapi?

AFANDE: Hapo umenishika. Wapiganaji wa Al-Shabaab hawaangalii msalaba mwekundu. Lakini sisi Mkataba huo unatufunga.

SISTA: Na ufundi wenyewe? Nilifundishwa A, B, C: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu.

AFANDE: Kwa mtu aliyekatwa mguu na bomu, damu inatangulia. Unafunga mkanda wa kubana damu kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, unakaza mpaka damu isimame hata akipiga kelele, unaandika saa uliyofunga. Halafu ndiyo unarudi kwenye A yako. Jeraha la mkono au mguu linalomwaga damu nyingi linaweza kuua kwa dakika chache, na mara nyingi mkanda tu huokoa. Mtu wa wodi ya ndani hukawia kubadilika, kwani mikono yake imezoea vinginevyo.

SISTA: Niliwahi kusikia mnatibu hata raia huko.

AFANDE: Sana. Tangu KDF iingie Somalia Oktoba 2011, kambi za tiba ya bure zimekuwa sehemu ya kazi. Mama analeta mtoto mwenye homa, mnazungumza kwa mkalimani. Waliopelekwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2022 na kikosi cha Afrika Mashariki walikuwa na bahati: mgonjwa anakuambia "tumbo inaniuma" na unaelewa.

SISTA: Mimi nitamwambia kijana upande wangu. Mwaka 2017 wauguzi tuligoma miezi mitano. Iliuma, mishahara ilikatwa, wagonjwa waliteseka, na bado ningegoma. Katiba, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki hiyo. Kifungu cha 24 kinaruhusu sheria impunguzie askari haki hiyo hiyo. Ukivaa kombati, chama cha wauguzi si chako tena.

AFANDE: Kweli. Na tarehe ya mshahara nayo haibadiliki. Mwaka huo wenzangu wa kaunti walikuwa barabarani na matawi mkononi, mimi nilikuwa wodini.

SISTA: Ukilala vizuri?

AFANDE: Nikilala, Sista. Vizuri, hilo ni swali lingine.

SISTA: Mwisho kabisa, kuna Uingereza. Mkataba wa kupeleka wauguzi umekuwepo tangu 2021. Kwa nini asiende huko?

AFANDE: Aende akitaka. Ila Uingereza inaweza kumchukua akiwa na miaka thelathini na tano. Jeshi halitamchukua. Kama moyo unavuta huku na huko, ajaribu kwanza mlango unaofungwa mapema. Na ahuishe leseni yake kila inapofika wakati, hata akiwa kuruta anapiga kwata. Siku akitoka jeshini, Baraza litamuuliza leseni, halitamuuliza cheo.

SISTA: Mimi bado ningechagua kaunti.

AFANDE: Kaunti gani, ile isiyoajiri?

SISTA: (anacheka) Mwanangu wa Bungoma, umetusikia wote wawili. Ukitaka kuuliza zaidi, tuma sauti nyingine, na useme umri wako, maana hukuutaja.