Mnara Ulioshuka Chini: Parokia ya Brookland

Mabibi na mabwana, hamjambo. Waliosoma kilimo sekondari Kenya watalikumbuka jina Romney Marsh. Ni kondoo wa kigeni, katika orodha moja na Merino na Corriedale. Unakariri, unajibu mtihani, basi. Nami nilikariri hivyo hivyo, nisijue kuwa ni mahali.

Ni kinamasi huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Bahari ikijaa, sehemu kubwa ya ardhi hiyo huwa chini ya usawa wa maji. Ukuta wa Dymchurch ndio unaoizuia bahari, na mvua huondolewa kwa mitaro, mitaro, mitaro. Leo tusimame kwenye parokia moja tu ya humo, Brookland.

Kanisa lake, la Mtakatifu Augustino, halina mnara juu. Mnara wa kengele umekaa kando, chini, kwenye majani: mbao tupu, umeezekwa vigae vya mbao, mfano wa kawa tatu zilizopandanishwa. Wenyeji wana utani wao. Wanasema siku moja alikuja kuolewa bibi harusi aliyekuwa bikira kweli; mnara ukashtuka, ukaruka chini, na haujapanda tena mpaka leo. (Kicheko.) Haya, jibu lenyewe liko miguuni: udongo ni laini, haubebi uzito. Ingia ndani uone nguzo zilivyoinama.

Humo ndani kuna chombo cha ubatizo cha madini ya risasi, cha karne ya 12. Safu ya juu ni buruji za nyota, chini yake kazi za kila mwezi, na majina ya miezi ni ya Kifaransa cha Wanormani. Nge, Mizani, Mashuke, nyota zile zile wanazopigia hesabu wazee wetu wa pwani! Mtu wa Februari anaota moto. Mwenye baridi ya kinamasi angefanya nini tena?

Baridi yenyewe isingekuwa neno. Tatizo lilikuwa malaria. Ndiyo, malaria, hapo hapo Kent, hadi karne ya 19, ikienezwa na mbu wa anofelesi wa maji yale yaliyotuama. Makasisi wengi walikwepa kuishi kwenye parokia zao. Wenye ardhi nao walijenga vilimani, wakawaachia kondoo wachungaji wa kukodi, waliolipwa kwa ukubwa wa eneo walilolinda. Msimu wa kondoo kuzaa, mchungaji alilala kwenye kibanda cha matofali, chumba kimoja, meko pembeni, na mara nyingine mwanakondoo aliyezaliwa dhaifu humo humo karibu na moto.

Kondoo wenyewe walizoea. Kwato zao hustahimili ardhi chepechepe kuliko za kondoo wengi, na mtihani wetu ulitaka sentensi hiyo tu.