Fremu za mtandaoni: acheni kudai kodi ya miezi sita

Mbukwenyi! Haya tukae tuanze, ukumbi tumepewa mpaka saa kumi tu na kwaya wanasubiri nje.

Second Life, ile dunia ya mtandaoni ambayo mtu anatembea kwa umbo la kuchorwa linaloitwa avata, sitaieleza zaidi, wengi mliopo hapa mna akaunti na asiyekuwa nayo atamuuliza jirani yake baadae. Ipo tangu 2003, ya Linden Lab ya San Francisco, na mpaka leo watu wanauza nguo za avata, nywele, viatu, samani, na wengine kazi yao ni kujenga maduka na kuyapangisha kwa hao wauzaji. Nyie ndio mnataka kuwa hao wenye fremu. Sawa. Lakini nimeona matangazo ambayo baadhi yenu mmeandaa, nimeyasoma yote, na karibu yote yameandikwa "kodi miezi sita mbele". Hapo ndipo mimi nagomba na watu kila siku na leo ntagomba na nyie.

Mwenye fremu kule na yeye ni mpangaji. Mnanielewa? Hapa Dodoma mtu akijenga fremu zake Nkuhungu au kule Nzuguni karibu na soko la Ndugai, hata akifilisika, hata akigombana na benki, ukuta upo, geti lipo, muuzaji asubuhi anakuja na funguo yake anafungua. Kule hakuna ukuta. Kuna kompyuta ya Linden Lab inayoendesha kipande cha ardhi cha mita 256 kwa 256, na mwenye nacho analipia kila mwezi. Kwa miaka mingi kipande kizima cha binafsi kilikuwa dola 295 kwa mwezi, 2018 wakashusha ikawa 249. Usipolipa, ardhi inachukuliwa, maduka yote yanaondoka nayo, yako na ya uliowapangisha, hata kama wao walikulipa hadi Krismasi.

Kuna dada mmoja wa hapa hapa mjini, anachora viatu vya avata, viatu vizuri sana, kisigino unaona mpaka mshono. Alipanga duka kwenye jengo la mzungu mmoja, akaambiwa ukilipa miezi sita unapunguziwa, akalipa. Baada ya muda yule bwana akaacha kulipia ardhi yake, hakusema kitu, hakuaga, kimya. Dada anaingia jioni moja anajaribu kwenda dukani kwake anaambiwa mahali hapo hapapo. Anafungua begi lake la vitu anakuta mabango, meza, viboksi vya mauzo, kila kitu kimerudishwa kikiwa furushi moja lililoshikamana, ukilishusha chini linamwagika lote kama lilivyokuwa limesimama. Hiyo unaweza kupanga upya, ni kazi ya usiku mmoja. Ila angalieni kilichomuuma: kila boksi la viatu alilowahi kuuza lilikuwa na kile kikaratasi cha mahali, yule mteja akikibonyeza anapelekwa dukani moja kwa moja. Vikaratasi vyote vile, mikononi mwa wateja wote wale, sasa vinaelekeza kwenye ardhi ambayo haipo. Mteja anabonyeza, anagonga mwamba, anajua duka limekufa, anaenda kwa mwingine. Na ukienda kulalamika kwa Linden Lab watakwambia ugomvi wa wakazi kwa wakazi hawauingilii, wamesema hivyo miaka yote.

Sasa mtu ataniambia, lakini mwalimu, mimi sitakimbia. Najua hutakimbia. Swali sio tabia yako. Umeme ukikatika wiki, kadi ikagoma kulipa, mtoto akalazwa, hela ya ardhi ikaenda hospitali, utafanyaje? Kama umechukua kodi ya wiki moja, hasara ya mpangaji ni ya wiki moja. Kama umechukua ya miezi sita na ulishaila, umekula hela ya mtu. Ndio maana wazoefu kule wanakodisha kwa wiki. Kile kiboksi cha kodi kinasimama pembeni ya mlango, unakigusa kinakwambia nani amepanga, ameruhusiwa vitu vingapi, zimebaki siku ngapi, anakilipa hapo hapo. Siku zikikaribia kuisha kinamtumia ujumbe. Hakuna dalali, hakuna kilemba, hakuna "njoo kesho nimesafiri".

Alafu kuna hesabu, na hapa nataka mtoe simu. Kule haupangishi mita za mraba kama mnavyoandika kwenye hayo matangazo, unapangisha prim, yaani idadi ya vitu vinavyoruhusiwa kukaa kwenye ardhi. Enzi zile kipande kizima kilikuwa na 15,000, kiwanja kidogo cha mita za mraba 512 kilipata 117. Bango la kuuzia moja, prim moja. Kapu, kiti, ua la pambo, zote zinakula. Chukua zile dola 295 za enzi hizo, dola moja ni kama Linden, hela ya kule, 250 hivi, hiyo ni 73,750 kwa mwezi, kwa wiki ni kama 17,000. Ukizipangisha prim zote 15,000 kila moja inatakiwa ilete Linden 1 na kidogo kwa wiki ili usipate hasara. Lakini hutazipangisha zote! Kuta zenyewe zinakula, ngazi zinakula, miti ya pambo mnayoipenda inakula. Ukipata wapangaji wa nusu tu, lazima kila prim ilete zaidi ya Linden 2, na hapo bado hujaona faida hata shilingi. Asiyeipiga hesabu hii ndiye anayekuja kudai miezi sita, maana anatafuta hela ya kuziba pengo la mwezi huu kwa kodi ya miezi ambayo bado haijafika.

Na msiniletee habari za Anshe Chung, yule tajiri wa ardhi za kule. Kila nikiongea kuna mtu lazima amtaje. Ndio, Ailin Graef, mwenye avata hiyo, alikatakata ardhi akapangisha, 2006 akawekwa jalada la BusinessWeek, akatangaza kwamba mali zake za kule zimevuka dola milioni. Yule aliingia mapema, dunia ile ikiwa inajaa kila siku. Nyie mnaingia sasa, wakati muuzaji anaweza kuuza kwenye Marketplace, soko la Second Life la kwenye tovuti, bila duka lolote. Linden Lab walinunua masoko mawili ya tovuti 2009, Xstreet na OnRez, na tangu hapo mwenye fremu lazima ajibu swali la mpangaji: nakulipa kwa nini?

Jibu ni watu. Mteja anataka kuvaa nguo ya majaribio aone inavyokaa, anataka kuzunguka, anataka kukutana na mtu. Kule watu wanaruka kutoka popote kwenda popote, kwa hiyo fremu ya kona haina bei kuliko ya nyuma, msidanganyane. Bei iko kwenye jirani uliyemweka. Ukiweka wauza nywele kumi kwenye jengo moja umewaua wote. Weka nywele, viatu, ngozi, samani, na kila wiki fanya kitu, muziki, maonyesho, chochote. Kuna waliojaribu njia ya mkato, wakalipa watu wakae kwenye viti tu ili ile namba ya wageni ipande, baadae wakaweka maroboti, yaani avata zisizo na mtu nyuma yake, 2009 Linden Lab wakapiga marufuku maroboti ya kupandisha namba. Namba ilikuwepo, wanunuzi hawakuwepo, wapangaji wakaondoka.

Muda umeenda, naona mnaniangalia saa. Decentraland, dunia nyingine ya mtandaoni inayotumia sarafu yake ya kidijitali, naipita haraka: Novemba 2021 kipande cha ardhi kwenye eneo la mitindo kule kilinunuliwa kwa karibu dola milioni 2.4, sarafu yenyewe ikashuka sana baada ya hapo, na Benki Kuu yetu ilishatoa tahadhari juu ya sarafu za aina ile 2019, kwa hiyo mwenye mawazo hayo aje tuongee pembeni. Kutoa hela Second Life kunapitia huduma za malipo ya mtandaoni, PayPal au Skrill, hakikisheni akaunti yako inapokea kabla hujajenga hata ukuta mmoja, maana PayPal ya hapa kwetu kwa miaka imekuwa ya kutuma tu. TRA, kipato ni kipato, muulizeni mhasibu.

Sasa lile karatasi la mkataba nililogawa. Kifungu cha tatu naomba msikifute: kodi ni ya wiki, isiyozidi wiki nne mbele, na mwenye fremu akitaka kufunga anatoa taarifa siku 30 kabla na kumrudishia mpangaji kila Linden ya siku ambazo hajakaa. Dada wa viatu ndiye aliyeniandikia sentensi ya mwisho, kwamba wakati wa taarifa hiyo bango la duka libaki na anwani mpya. Nani ana swali? Wewe kaka nyuma, simama.