Siku 90: Mhadhara kwa wanafunzi wa sheria, Bukavu

Mmeniomba nieleze jinsi mimi, wakili wa Ibanda hapa Bukavu, nilivyofika kwenye kambi za waliokimbia, kisha kwenye mazungumzo ya amani, kisha kwenye kampeni za mitaani. Watu huhesabu kazi nne. Mimi nahesabu karatasi moja: cheti cha kuzaliwa.

Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto hadi katikati ya Goma, nilikaa kwenye meza ya kuandikisha waliokimbia. Akaja mama mmoja na kijana mrefu. Akafungua fundo la kitenge, akatoa karatasi ya chanjo iliyochanika penye mikunjo. Kona yenye tarehe ilikuwa imetoka. Nikauliza mtoto alizaliwa lini. Akasema, "Alikuwa anaanza kutembea Mobutu alipofungulia vyama." Hiyo ni Aprili 1990, Mobutu aliporuhusu vyama vingi vya siasa. Basi kijana ana miaka 12, labda 13. Mwenzangu akamtazama mabega, akaandika 18. Nilibisha. Mama naye akabisha, akinyanyua ile karatasi juu kama mtu anayeonyesha jetoni yake ya kupokea msaada. Tuliambiwa foleni ni ndefu. Kijana akatoka kwenye orodha ya watoto, na baada ya wiki chache mama alirudi peke yake. Wenye silaha walikuwa wamemchukua.

Nawaambieni hivi kila mwaka, na kila mwaka kuna anayeniuliza kama hayo ni mambo ya sheria. Ni sheria tupu! Thomas Lubanga, kiongozi wa wapiganaji wa Ituri, alipohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague mwaka 2012 kwa kuingiza watoto jeshini, kosa lilihusu walio chini ya miaka 15. Umri ulikuwa mgogoro mkubwa, na majaji walilazimika kutazama video wakitafuta watoto ambao kwa sura tu ni wadogo waziwazi. Sasa yule wa miaka 14 aliyekomaa mwili, nani atamtetea kwa macho?

Najua mtaniambia eta-sivili, ofisi inayoandikisha vizazi, wanaomba pesa. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inasema kutangaza mtoto, yaani kuandikisha kuzaliwa kwake, ni bure. Mzazi akiombwa pesa, wewe uliyesoma sheria unapaswa kusimama naye pale dirishani. Mnasema pia kijijini ni mbali. Ndiyo, ni mbali, na siku 90 tangu mtoto azaliwe zikipita kunakuwa mbali zaidi, maana hapo inatakiwa hukumu ya mahakama ili aandikishwe.

Kuhusu diplomasia nitasema kidogo, muda unanibana. Kwenye meza ya mazungumzo ya amani kamanda hukuambia, "Sina mtoto jeshini." Ukiwa huna karatasi inayoonyesha umri, mnahamia ajenda inayofuata. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na linaniuma hadi leo.

Kampeni basi. Kesho saa mbili asubuhi tunaanzia nyumba za uzazi za Kadutu. Kila mmoja wenu atakaa na akina mama watano, ajaze majina yote, kisha awasindikize hadi komini, kwenye ofisi ya eta-sivili. Msiwape maelezo na kuwaacha waende wenyewe. Daftari liko hapo mlangoni, andikeni majina yenu mnapotoka.