Nafasi ya Mwalimu wa Darasa la Awali kwa Mtoto Mwenye Ulemavu

Ndugu walimu wa elimu ya awali, walimu wakuu, na wazazi mliofika,

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi hapa Dar es Salaam kuhusu kazi ambayo wengi wenu mnaifanya kila siku bila kuulizwa na mtu. Hoja yangu ni moja. Mtoto mwenye ulemavu anakuwa sehemu ya darasa pale mwalimu anapoipanga siku yake ya kazi akimfikiria mtoto huyo. Asipomfikiria, hata jina likiandikwa vizuri katika daftari la mahudhurio, mtoto atakuja, atakaa na kurudi nyumbani bila kushiriki lolote.

Kwa upande wa sheria na sera, msingi upo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 24 inahusu elimu. Mwaka 2010 Bunge lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Jijini tunazo pia shule zenye uzoefu mkubwa, kama Uhuru Mchanganyiko na Shule ya Viziwi Buguruni. Hata hivyo, mtoto wa miaka mitano anayeishi Chanika, pembezoni mwa jiji, hawezi kuvuka jiji kila alfajiri akiwa mgongoni mwa mama yake, wakibadilisha daladala, na mara nyingine wakiachwa kituoni kwa sababu kondakta ameona kubeba kiti cha magurudumu ni kupoteza muda. Jambo hilo linaniumiza, na ndiyo maana naliangalia darasa la awali la mtaani kwao kuwa mlango wa kwanza wa mtoto huyu.

Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuona. Simaanishi kuupa ulemavu jina, kwani hiyo ni kazi ya wataalamu wa afya. Mwalimu wa awali anawaona watoto wengi wa umri mmoja kwa pamoja, hivyo hutambua mapema yule asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, yule anayesogeza kitabu mpaka kigusane na pua, au yule ambaye bado haungi maneno mawili. Ayaandike hayo kwa tarehe. Akizungumza na mzazi, aeleze alichokiona: "Mama, nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki, lakini akiniona mdomo ananijibu. Naomba masikio yake yakapimwe." Maneno hayo yanampa mzazi mahali pa kuanzia, ilhali kumwambia kwamba mtoto wake "hayuko sawa" kunaweza kumfanya amfungie ndani, hasa anayeishi kwenye nyumba ya kupanga na kuogopa maneno ya majirani. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara, kwa mfano, yanaweza kupunguza usikivu, na yakiwahiwa hutibika.

Kazi ya pili ni kulipanga darasa lenyewe, na hapa naomba nikae kidogo. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Miwani humsaidia, lakini mara nyingi haimpi uoni kamili. Akikalishwa mbele huku ameelekea dirisha lenye jua, kukaa mbele huko hakumfai kitu. Apewe nafasi karibu na ubao, mgongo wake ukielekea dirishani, maandishi yawe makubwa, na ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji ili herufi zisipotee kwenye vumbi la chaki. Wakati wa michezo ya nje, kofia pana na kivuli cha mti ni sehemu ya maandalizi ya somo.

Tuchukue pia saa ya uji, ambayo watu huiona kuwa mapumziko tu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ambaye ubongo wake hauongozi misuli vizuri, anaweza kuwa na shida ya kumeza, na akinyweshwa akiwa amelala au kichwa kimeangukia nyuma, anaweza kupaliwa na uji ukaingia njia ya hewa. Akalishwe wima, mgongo uegemezwe, miguu ipate pa kukanyaga, apewe kijiko kidogo kidogo, na asiongezwe kingine kabla hajameza. Mzazi aulizwe namna wanavyomlisha nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye amemlisha miaka yote. Na mtoto huyo anywe uji pamoja na wenzake, mkeka mmoja, badala ya kutengwa pembeni na mpishi.

Mtoto kiziwi naye anahitaji lugha, na lugha haisubiri darasa la kwanza. Mwalimu asiyeijua Lugha ya Alama ya Tanzania aanze na alama za salamu, chakula, choo, maumivu na jina la kila mtoto, awafundishe watoto wote. Wao huzishika upesi kuliko sisi watu wazima.

Najua mnataka kuniuliza kuhusu idadi. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na humu wapo wanaofundisha zaidi ya mia peke yao. Siwezi kusema hilo ni dogo, wala si haki kumwachia mwalimu abebe peke yake pengo ambalo mamlaka zinapaswa kuliziba. Mwalimu mkuu na kamati ya shule wana wajibu wa kutafuta msaidizi wa darasa, kutengeneza njia ya kuingilia na kurekebisha choo, maana mtoto asiyeweza kuingia chooni ataacha shule.

Mwisho naomba kila mwalimu amwekee mtoto wa namna hii daftari dogo: anakaa wapi, anaelewa maelekezo kwa njia gani, nini humtisha, nani ni rafiki zake. Daftari hilo likabidhiwe kwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla shule hazijafungwa Desemba, nao wawili wakutane na mzazi, ili Januari mtoto asianze upya kwa mtu asiyemjua.