Kadi Mbili za Mtandao, Lango Moja la Kutokea

Karibuni. Kuweka kadi ya pili ya mtandao kwenye kompyuta hakuna ugumu. Kinachotutesa ni kuijulisha kompyuta itokee wapi, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Chukueni laptopu ya Linux iliyo kwenye Wi-Fi, intaneti ipo. Fundi anachomeka kebo ya swichi ya kamera za ulinzi, anajaza kila kisanduku: anwani, kisha lango, yaani kifaa cha kupitia kwenda mitandao mingine. Papo hapo kurasa hazifunguki. Watu hukimbilia kuzima na kuwasha rauta, na rauta masikini haina kosa! Andikeni `ip route`. Mtakuta mistari miwili inayoanza na `default`, yaani njia ya kutokea nje: wa kebo una metriki 100, wa Wi-Fi 600. NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux, ndiye aliyezipanga hivyo, na namba ndogo ndiyo hutangulia. Kama ukaguzi wa intaneti haujawashwa, pakiti zote (vipande vya data) za kwenda intaneti zitaelekea kwenye kamera, zipotelee huko.

Dawa ni kuacha kisanduku cha lango kitupu kwenye kadi ya ndani. Kamera iliyo kwenye mtandao uleule hufikiwa moja kwa moja, lango la nini? Ikiwa anwani inatolewa na DHCP, huduma inayogawa anwani na lango yenyewe, wekeni `ipv4.never-default yes` kwenye mipangilio ya NetworkManager ya kadi hiyo.

Tafadhali sana, kadi zote mbili zisiwe ndani ya mtandao mmoja, mfano 192.168.1.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.1. Linux isiporekebishwa, kadi moja inaweza kuijibia anwani ya mwenzake, na kosa hilo ni gumu kulinasa. Huku ndani tumieni anwani zinazoanza na 10, eneo pana mno.

Seva yenye watoa huduma wawili wa intaneti ni habari nyingine. Hapo malango mawili ni halali. Ombi linaingia kwa mtoa huduma wa kwanza, jibu linatokea kwa wa pili likiwa na anwani ya kwanza, na huyo wa pili ana haki ya kulitupa. Kwa hiyo kila anwani ipewe jedwali lake la njia, lenye `default` yake, kisha kanuni ya kuielekeza huko: `ip rule add from 203.0.113.10 table 100`. Amri hiyo hufutika mashine ikizimwa, basi iandikeni pia kwenye faili la usanidi.

Sasa washeni mashine zilizo mbele yenu, mwandike `ip route get 8.8.8.8`, anwani ya Google iliyo kwenye intaneti. Baada ya neno `dev` mtaona jina la kadi. Nisomeeni mlichokiona, tukianzia meza ya nyuma.